Mwenye Kemisti na Tembe za Kulima

Mimi hushona viatu kando ya mlango wa kemisti hapa sokoni Kitui, na sauti ya yule mama mwenye duka naijua kuliko ya mke wangu. Hamuulizi mgonjwa anatumia dawa gani. Hugonga kioo cha kaunta kwa ukucha na kusema, "Toa kila kitu. Kama kinaingia mwilini, nakitaka hapa." Watu hubisha, ukucha haukomi. Mzee Nyamai wa Kanyangi alibisha kuliko wote. Presha yake ilikuwa imekataa kushuka, naye akiapa hamezi ila dawa alizoandikiwa. Ko, ko, ko. Mwishowe akatoa pakiti ya tembe za maumivu. "Hizi si dawa, daktari. Nanunua kwa duka pamoja na chumvi. Nameza asubuhi ndio mgongo ukubali jembe." Mama akazivuta upande wake. "Hizi ndizo zinapandisha presha, mzee. Mgongo tutauchua."

Jana mzee alirudi. Hata kabla ya salamu alimwaga mifuko yake yote juu ya kioo: ugoro, peremende, majani ya mwarobaini. Mama akamfunga mkanda wa presha, akapima, akapima tena. Kisha akaunyanyua mkono wa mzee juu, mkanda ukining'inia, kama refa aliyempata bingwa. "Imeshuka!" Foleni ikapiga vigelegele, mimi nikagonga soli kwa soli. Na mwanamke aliyefuata, bila kuulizwa, akaanza kufungua mkoba wake.