Waya wa Kuamsha Fonie

Vita vilipopanda Mulenge, kule milimani, fonie ya parokia, ile redio ya kuitia watu wa mbali, nayo iliganda. Taa iliwaka, kioo kikabaki cheupe. Jirani yangu hapa Kasenga, ambaye mume wake alikuwa muuguzi kule juu na walizoea kuongea kwa fonie hiyo kila asubuhi, aliibeba kichwani hadi kwenye kibanda changu.

"Fundi, bwana yangu iko anaita, ni hii mashini tu haisikie. Weye utengeneze."

Siku zile nilikuwa na hasira na kila mtu, hasa wale walionitazama kana kwamba nina dawa ya vita. Niliifungua huku nikinung'unika.

Ubongo wa mashine ulikuwa mzima. Kumbukumbu, kile kijiwe cheusi kinachotunza masafa hata umeme ukikatika, nayo ilikuwa nzima. Ila ina mguu mmoja wa kuiamsha: ubongo huubana mpaka umeme utulie, kisha huuachilia, ndipo kumbukumbu ianze kujibu. Njia ya kwenda kwenye mguu ule ilikuwa imeliwa na kutu. Ubongo uliuliza na kuuliza, na kumbukumbu haikuwa imeambiwa iamke.

Nilichomoa uzi wa shaba kwenye waya wa simu kuukuu, nikapasha chuma cha kulehemu kwenye makaa ya jiko la mbabula, nikaiunga njia ile. Kioo kikaonyesha masafa yote. Mama yule akapiga vigelegele, na mimi nisiyecheka ovyo nikacheka.

Tukairudisha parokia, kwenye antena. Tukaita mji wa Baraka, wakajibu. Bukavu wakajibu, sauti safi kama mtu aliye chumba cha pili. Tukaita Mulenge. Kimya. Tukaita mpaka koo langu likakauka. Nikasema labda batri yao imeisha, na nilijichukia kwa kusema hivyo, maana sikuamini.

"Mashini iko nasikia muzuri sasa?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Iko nasikia muzuri."

Akakaa chini sakafuni. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama siku ile.

"Basi fundi, toa ule waya. Mashini ikuwe haisikie tena, minye ningoje."

Nikachukua koleo, nikautoa. Nilipowasha, kioo kilikuwa cheupe. Akafunga kitenge chake vizuri, akaenda nyumbani kungoja.