Pezi Lililopinda la Fundi wa Redio

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, simu ilinikuta kituo cha mabasi hapa Garsen: fundi wa redio amefariki. Alikuwa amelazwa siku nne tu. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii watamkumbuka. Ndiye niliyewaeleza kuwa alijitengenezea boti ya mashindano, ya mbao, yenye urefu wa mkono, inayoendeshwa kwa rimoti, akawashinda wageni wa Malindi waliokuja na boti za dukani. Siri yake ilikuwa pezi: bamba la chuma linaloshuka majini nyuma, upande wa kulia, ili boti inapokata kona isiteleze wala kupinduka. Lake alilikata kutoka panga kuukuu.

Miaka miwili nilimsihi aandike vipimo vyake. Alikuwa akibadilisha propela, betri na pezi kwa wakati mmoja, kisha anacheka. Siku moja, kwenye dimbwi lililoachwa na mafuriko, boti ilipinduka mara tatu ikizunguka jerikeni iliyowekwa kuwa alama ya kona. Mfugaji aliyekuwa akinywesha ng'ombe akamwambia, "Fundi, hiyo yako hata ndama wa jana anaishinda kugeuka." Akajibu, "Ndama wako ana mama wa kumfundisha, mzee. Huyu wangu ana nyundo tu." Akaligonga pezi juu ya jiwe, akalitazama kwa jicho moja, akairudisha boti majini. Ikaizunguka jerikeni bila kuinua ubavu. "Umelipinda kiasi gani?" nikauliza, kalamu mkononi. "Kiasi cha kutosha, ndugu yangu." Nikamkumbusha kuwa mali bila daftari huisha bila habari. "Hiyo ni ya wenye maduka," akasema.

Baada ya matanga, mjane wake aliniita. Mgeni mmoja wa Malindi alikuwa tayari kuinunua boti kwa shilingi elfu thelathini, mradi aione ikikata kona kama zamani. Fedha hizo zingekuwa karo ya binti yao. "Shemeji, wewe ndiwe unayevijua vitu hivi," akasema. "Iweke sawa." Nikaiweka sawa. Yote niliyojisomea yanasema pezi liwe sambamba na mstari wa katikati ya boti. Nikavuta uzi kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma, nikaona pezi limepinda, nikalibana kwenye jiliwa, kile chombo cha fundi cha kushikia chuma, na kulinyoosha. Jumamosi, mbele ya mgeni, boti ilipinduka kwenye kona ya kwanza. Ndipo nilipoigeuza boti yenyewe na kulaza rula kwenye tumbo lake: mbao zilikuwa zimejikunja kwa jua. Fundi alilipinda pezi kwa ajili ya boti aliyokuwa nayo, si boti ya kitabuni. Nikalipinda upya mara kumi na moja, nikiandika kila mara. Ule mpindo haukurudi.

"Kwani shemeji, hukupima kabla ya kunyoosha?" mjane akauliza.

Sikupima. Mimi, mwenye daftari.

Nilimkasirikia marehemu kwa kutoandika, na hasira hiyo bado ninayo. Lakini kipimo chake kilikuwepo, kimeandikwa kwenye chuma, na aliyekifuta ni mimi. Hapa deltani nimewaona wataalamu wakikuta mfereji wa mkulima umepinda, wakaunyoosha, maji yakakosa shamba; nikawacheka katika safu hii hii. Ukiikuta kazi ya mtu imepinda, pima mpindo wake kwanza, kisha ndipo uamue kama ni kosa. Mgeni alichukua mota na betri peke yake, kwa shilingi elfu nane. Hasara ya mjane, kwa mkono wangu: shilingi elfu ishirini na mbili.