Nilivyozeesha kofia za vita za filamu Iringa, nikaharibu moja ya kweli

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za humu.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Sitii chumvi. Chumvi pekee ni ile ya kuoteshea kutu, nitaieleza.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi rangi kwenye gereji moja Ipogolo, Iringa. Wakaja watu wa filamu kutoka Dar. Picha yao ilihusu vijana wa kwetu waliopelekwa kwenye vita ya Mwingereza.

Walitaka kofia za chuma kumi na tano. Fundi bati alizigonga kutoka kwenye mapipa, zikatoka vizuri. Kazi yangu ilikuwa kuzipaka rangi na kuzichakaza, zionekane zimekula mvua na jua la porini.

Nikaona kazi ndogo. Nikapaka kijani, nikapiga msasa kila mahali, nikazisiliba tope.

Director alikuwa dada mmoja mkimya. Akaigeuza moja mkononi.

"Fundi, hii haijaenda vitani. Hii imeanguka mtaroni."

Iliniuma, ila alisema kweli. Kitu kikichakaa sawasawa kila upande, ujue kimechakazwa.

Fundi mwenzangu Yohana, mwenyeji wa Kilolo, akaniambia kwao kuna mjane anaitwa Mama Luka. Marehemu mumewe alirudi na kofia ya vita ile. Nikadandia lori la mbao, nikaenda.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Karibu."

Kofia ilikuwa darini juu ya mafiga, imejaa mbegu za maharage. Akazimimina kwenye ungo, akanipa niione.

Wakuu, ile ilikuwa shule.

Rangi ya ukingo wa mbele ilikuwa imeliwa sehemu mbili tu, ndogo. "Alikuwa anaishika hapo akiivua," Mama Luka akasema. Utosini kulikuwa na mikwaruzo, maana akiivua aliiweka chini kichwachini, akaifanya beseni. Kutu ilikuwa imejificha chini ya ukingo, maji yanapotuama. Ndani kulikuwa na jina la mumewe kwa rangi nyeupe: LAZARO.

Nikaomba niazime wiki moja.

"Irudi kabla ya kupanda," akasema. Basi.

Nikaanza upya. Praima nyekundu kwanza, kijani juu yake, kisha nikasugua na kitambaa chenye mafuta ya taa pale tu vidole vinapopita. Chini ya ukingo nikapaka maji ya chumvi na ndimu, nikaziacha nje siku tatu, kutu ikaota yenyewe. Masizi na grisi kidogo ndani, kama jasho.

Director akazipanga juu ya boneti ya Land Rover. Akatabasamu. Kwangu ilitosha.

Sasa kosa. Kabla ya siku hiyo, kazi ikiendelea, ile ya Mama Luka niliiacha benchi moja na zile ambazo zilikuwa bado hazijapakwa. Nimetoka kula, narudi nakuta Yohana kaipiga kijani kibichi, nje na ndani.

"Si ulisema nizipake zote za benchi hili?" akaniuliza.

Kweli nilisema.

Nikaitoa ile rangi kwa tina, dawa ya kuyeyushia rangi. Kijani kikatoka, na rangi ya zamani ikatoka nacho, na moshi wa miaka yote, na jina.

Nikafanya ninachokijua. Siku mbili nikaizeesha upya, kila mkwaruzo mahali pake. Jina nikaliandika kwa brashi nyembamba. Yohana mwenyewe hakuona tofauti. Nikaamua kunyamaza.

Mama Luka aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akaiinamia, akanusa.

"Hii inanuka gereji."

Nikasema labda ni kwa sababu ilikaa huko.

Akapitisha kidole kwenye jina, polepole. "Lazaro hakusoma. Zedi yake ilikuwa inaangalia nyuma. Hii nani kaandika?"

Hapo nikaeleza yote, nimesimama. Nilisubiri anitukane. Hakunitukana. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa na kibuyu cha maji.

"Kofia ni yangu, itakaa na mbegu. Ila jina lifute. Jina lake asimwandikie mtu mwingine."

Maji hayatoi rangi ya mafuta, wakuu. Nilikaa kizingitini nikikwangua kwa kisu, herufi moja moja, yeye ananitazama. Ilipoisha akamimina maharage ndani, akairudisha darini.

Filamu sikuwahi kuiona.

Nilichojifunza: ukiharibu cha mtu, mwambie kabla hujashika brashi. Ningekwenda na ile kofia tupu, bila rangi wala jina, aibu ingekuwa nusu.

Wenye ufundi wa aina hii, au waliowahi kurudisha kitu cha watu kikiwa si kilekile, semeni nanyi. Wa kunipa za uso pia ruksa.