Kamba wa Nazi wa Kizota

Kizota tulikuwa tunakula kamba, na asiyeamini shauri yake. Dodoma haina bahari, na mvua yenyewe huja kwa kubembelezwa, lakini sisi mafundi wa gereji na wachomelea mageti tulikaa kwenye mabenchi ya Evarista saa saba mchana, tukatafuna kamba wa nazi kama watu waliozaliwa forodhani.

Evarista ni mtu wa Kibakwe. Aliletwa mjini na ndoa, akaolewa na Batholomeo, karani wa stoo katika shirika moja la umma. Shirika likauzwa, Batholomeo akapunguzwa kazi, akapewa hotuba ndefu kuhusu soko huria na mkono wa kwaheri. Akaja kukaa barazani kulitafakari soko huria. Mpaka leo analitafakari. Watoto hawali tafakuri, kwa hiyo Evarista akafungua mgahawa wa mabati ubavuni mwa karakana yangu, akaanza na chai na maharage kama wenzake wote.

Miaka hiyo magazeti nayo yalikuwa yameruhusiwa, yakaota kama uyoga. Moja lilimfikia Evarista likiwa limefungia chumvi. Akalikunjua, akakuta ukurasa wa mapishi wa Bi Mwanakheri wa Tanga, na picha yake amejitanda mtandio, anatabasamu kama aliyeshiba tangu juzi. Basi mambo yakaisha hapo. Kila Jumamosi ilibidi gazeti linunuliwe, hata kama sukari haijanunuliwa. Evarista alimpenda yule mama kwa dhati. Akimtaja ungedhani wamelelewa nyumba moja.

Taabu ni kwamba Bi Mwanakheri aliwaandikia watu wenye bahari. Akisema, “Chukua kamba wabichi,” Evarista anachukua kumbikumbi waliokaushwa. Akisema tui la nazi, Evarista anatwanga karanga. Akisema ndimu, ukwaju unalowekwa. Kilichobaki kama kilivyoandikwa gazetini ni chumvi. Kisha chakula kinapakuliwa na kuitwa kamba wa nazi, kwa sababu ndivyo gazeti lilivyosema, na gazeti halisemi uongo.

Msidhani tulidanganywa. Nani Dodoma hamjui kumbikumbi? Tumekimbizana nao mvua za kwanza tangu tukiwa watoto, wengine tukiwameza mabawa yakiwa bado yanapigapiga. Lakini akija mtu wa ofisini na tai yake, akaagiza “kamba sahani moja,” wewe fundi utasemaje? Utakiri kwamba unalipia mdudu uliyekuwa ukimwokota bure? Tuliagiza kamba, tukasifia bahari, na walikuwa watamu kwelikweli. Utamu huo sitautania.

Biashara ikakua. Evarista akaniomba nimchomelee fremu ya kibao, kikaandikwa kwa rangi nyekundu: KWA BI MWANAKHERI, MAPISHI YA PWANI. Hapo ndipo Damas, mwenye mgahawa mpya ng'ambo ya barabara, mgahawa wenye friji na feni, alipoanza kuwauliza wateja swali moja tu: “Huyo Bi Mwanakheri anamjua hata sura?” Wateja ni watu wa ajabu. Walimeza kumbikumbi kwa jina la kamba bila swali, lakini kibao kikawakwama kooni. Mmoja mmoja wakaanza kuvuka barabara.

Ndipo gazeti likatangaza kwamba Bi Mwanakheri ametoa kitabu, na anakuja Dodoma kukizindua na kuwatilia wasomaji saini. Evarista alikuja karakanani mbio, macho yamemlowa.

“Kaka Geofrey, nikipata maandishi yake mwenyewe, yenye jina la mgahawa, naweka kwenye kioo natundika ukutani. Damas atasema nini tena?”

“Na usipoyapata?”

“Nisipoyapata nafunga, kaka. Sina pa kushika.”

Hakuwa anatia chumvi. Nilimwona mwenyewe jioni akirudi nyumbani na masufuria ambayo nusu yake haijauzwa.

Siku ya siku ukumbi wa ile hoteli mjini ulijaa hadi milangoni: watumishi wa Bunge, walimu, wanafunzi, akina mama wa kwaya na sare zao. Msidhani ni upendo wa vitabu. Kwetu ukialikwa kwenye shughuli ya mapishi huli asubuhi, unakwenda na njaa yako safi kama unakwenda harusini. Watu walikuwa wamefunga tangu jana. Tukaingia, tukatazama huku na huku. Kulikuwa na meza ya vitabu, meza ya kalamu, na chupa za maji za wageni rasmi. Hapakuwa na hata sambusa. Mgeni wa heshima akazungumzia lishe kwa muda mrefu sana, na matumbo yakawa yanamjibu.

Tukapanga foleni ya saini. Evarista alikuwa amevaa kitenge kipya, mkononi kifurushi cha karanga, maana mgeni haendewi mikono mitupu. Kitabu alichokinunua alikikumbatia kifuani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo, mama. Naitwa Evarista, nina mgahawa Kizota. Napika mapishi yako kila siku. Hata jina nimeupa lako.”

Bi Mwanakheri akavua miwani, akacheka kwa furaha. “Kumbe nina mgahawa Dodoma na sijui! Mpiga picha, njoo huku.” Akaupokea mfuko wa karanga, akaunusa, akashukuru. Kisha akafungua kitabu, akashika kalamu. “Basi niandike hivi: Kwa mgahawa wangu wa Kizota. Au vipi?”

Evarista akatikisa kichwa kukubali. Mimi nyuma yake nilishaona kile kioo ukutani, na Damas amenuna mlangoni pake.

Sasa, tangu apunguzwe kazi Batholomeo hakuwahi kuinua hata ndoo. Siku hiyo akaamua kuwa mume. Tulimwona anapasua foleni, jasho linamtoka, amebeba hotipoti.

“Samahanini! Samahanini jamani! Mama ametoka safari, hajala. Nimemletea kamba wake, mambo moto!”

Evarista akageuka, uso umemwiva. “Baba Yasinta, nani amekutuma?”

“Nimejituma mwenyewe,” akasema Batholomeo kwa fahari, na kwa kweli lilikuwa tukio la kihistoria.

“Lahaula! Kamba, huku bara?” Bi Mwanakheri akaweka kalamu chini. Alikuwa ameandika *Kwa mgahawa*, basi, hajafika mbali. “Mwanangu, tangu alfajiri sijatia kitu tumboni. Hebu nionje jina langu.” Batholomeo akampakulia, akampa na kijiko. Harufu ya karanga na ukwaju ikatanda ukumbini, watu wakameza mate. Yule mama akasema bismillahi, akachota.

Mjue kwamba ukumbi ule ulikuwa umejaa watu wanaokijua kilichomo kijikoni. Wala maelezo hayakuhitajika. Wagogo watupu safu mbili za mbele, wote tunawatambua kumbikumbi hata gizani, na wote tunaona mama wa Kiislamu, mgeni wetu, anakipeleka kinywani. Tukatazama dari. Mimi pia niliitazama, ilikuwa dari nzuri.

Evarista ndiye aliyemshika mkono.

“Usile, mama.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Si kamba. Ni kumbikumbi.” Akalirudia neno ili lisikike. “Sisi kwetu tunawala. Sijui kwenye dini yenu kama wanaliwa, na siwezi kukulisha usichokijua.”

Kisha nyuma kabisa ya foleni ikatoka sauti ya Abbasi, fundi wa kunyoosha bodi za magari, jirani yetu Kizota.

“Kumbe! Mimi miaka yote nikiagiza kamba naambiwa wamekwisha, Abbasi, kula maharage. Nikadhani unanidharau, Mama Yasinta!”

“Sikukudharau, kaka,” akasema Evarista bila kugeuka. “Nilikuwa nakuficha, kwa ajili ya dini yako.”

Bi Mwanakheri alikiweka kijiko polepole, akajifuta vidole kimoja kimoja. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

“Umenistahi, mwanangu, na Mungu akulipe,” akasema. “Ila chakula hiki si changu. Sikukiandika mimi. Hilo jina langu ulishushe.”

“Nitalishusha, mama.” Evarista akakivuta kitabu kikiwa na yale maneno mawili, akakifunga. “Si chako kweli. Ni changu.”

Akatoka na kichwa chake juu mpaka mlangoni. Nje alilia, akalia sana, akamwambia Batholomeo arudi akachukue hotipoti. Batholomeo akarudi nayo ikiwa tupu. Foleni yote, walimu, kwaya na watumishi wa Bunge, walikuwa wameifagia mara tu mgeni alipopewa kisogo.

Jumatatu kibao hakipo. Mabenchi yalijaa hata hivyo, maana udaku unaleta njaa. Akaja pia yule bwana wa tai, akakaa, akanyoosha shati.

“Kamba sahani moja.”

“Hakuna kamba, kaka,” Evarista akamjibu. “Kuna kumbikumbi wa karanga.”

Bwana akacheka kidogo, akatutazama sisi wengine kutafuta msaada, akanyanyuka, akavuka barabara kwa Damas. Wawili wakamfuata. Evarista akabaki amesimama na upawa mkononi.

“Na ninyi?” akatuuliza. “Kama mnaona aibu semeni, niinjike maharage.”

Kila mtu alikuwa anangoja mwenzake alitamke lile neno kwanza, wanaume wazima wenye mikono ya grisi, tunaotamka matusi ya kila aina kutwa nzima bila haya. Kule ukumbini mwanamke huyu alilisema peke yake mbele ya mji mzima, likamgharimu kila alichokuwa amekitumaini.

“Kumbikumbi,” nikasema.

“Sikusikii, kaka Geofrey.”

Nikasimama, nikaelekea barabarani, nikalisema tena mpaka Damas akatoka nje kutazama.