Injini ya Lori Ndani ya Gari la Zahanati

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa nivue koti. Ilikuwa Makambako, mwezi wa sita, na anayeijua Makambako ya mwezi wa sita anajua kwamba hiyo si amri ndogo. Msimamizi wa karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya kugombeza hata anaposalimia, alinisogezea karai la dizeli lenye pistoni na vali ndani yake. "Osha," akasema. "Ukimaliza nitakuuliza."

Niliosha mpaka vidole vikafa ganzi. Aliporudi aliniuliza injini ile ya lori ina nguvu kiasi gani. "Nyingi, mzee," nikamjibu. Akacheka. "Nyingi za nini? Za kuvuta au za kukimbia?" Akanirudisha kwenye karai.

Nawaandikia nyie vijana mnaofunga injini za lori kwenye magari madogo na kuyapiga video yakipanda milima, kwa sababu swali lile wengi wenu bado hamjalijibu. Injini ya dizeli ya lori la tani tatu, ile ya silinda nne, haizunguki haraka. Pistoni zake ni kubwa, zinapanda na kushuka safari ndefu, na nguvu yake inakuja mapema kabla hujakanyaga sana mafuta. Hiyo ndiyo nguvu ya kuvuta. Ukiifunga kwenye gari dogo, na difu ya nyuma, ile inayozungusha magurudumu, ukaiacha ileile, gari litapanda ukuta, lakini kwenye lami litaishiwa mbio mapema na kubaki linanguruma tu. Kwa hiyo difu unabadilisha. Springi za mbele unaongeza, maana chuma kile ni kizito. Redieta na klachi vilevile. Haya yote kijana anakubali, tena kwa furaha. Tukifika kwenye breki, anaanza kuangalia simu yake.

Kutoka Makambako nilipelekwa upande wa Lupembe, kwenye malori yanayokusanya majani ya chai kwa wakulima. Huko nilijifunza matope. Mvua ikinyesha, lori linakwenda ubavu-ubavu kwenye ule udongo mwekundu, na dereva anamwita Mungu kwa Kibena kwa sababu Kiswahili kinachelewa. Baadaye nikaajiriwa kwenye karakana ya misheni karibu na Njombe mjini, chini ya Fundi Mkuu.

Fundi Mkuu alikuwa Mlutheri katika karakana ya Wakatoliki, na alitaniwa kwa hilo kila siku. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwonyesha kazi uliyomaliza, aliinama, akachungulia chini ya gari, akasema, "Fungua tena." Basi. Utafungua, utafunga, utafungua. Wengi tulimchukia kwanza, tukampenda baadaye.

Zahanati ya misheni ilikuwa na gari moja refu, la kubebea wagonjwa. Dereva wake alikuwa Agu, rafiki yangu, mtu wa mzaha na mbishi wa kutupwa. Injini ya gari hilo, ya petroli, ilikuwa imechakaa mno. Tukapata injini ya lori la tani tatu lililopinduka. Mwili wa lori ulikuwa umekwisha, lakini injini ilikuwa nzima. Bamba la kuiunganisha na giaboksi tulilikerezesha Makambako. Siku tulipoiwasha mara ya kwanza, Agu alizunguka gari lile akipiga makofi. "Sasa hapa ndiyo nimepewa gari! Nitapanda nalo mpaka milima ya Ipelele nikiwa gia ya tatu!"

Kilibaki kitu kimoja. Nyuma ya pedali ya breki kuna kopo kubwa jeusi linaloongeza nguvu ya mguu wako. Injini ya petroli, inapovuta hewa, inalisaidia kopo hilo kufanya kazi. Dizeli haina mvuto huo, kwa hiyo lori hufungiwa pampu ndogo nyuma ya alteneta. Pampu ya injini yetu ilipasuka lori lilipopinduka. Nyingine ilikuwa njiani, inakuja na basi kutoka Mbeya. Bila pampu, breki zipo, ila unazikanyaga kwa miguu miwili na gari linajifikiria kwanza.

Mchana wa siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Agu aliingia karakana na simu mkononi. Mke wake, Tulizo, alikuwa amekwenda kwa mama yake upande wa Lupembe kusubiri mtoto wao wa kwanza. Uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri, na mtoto alikuwa amekaa vibaya.

"Mzee, naomba ufunguo," Agu akamwambia Fundi Mkuu.

"Breki hazijaisha."

"Mzee, ni mke wangu."

"Nimesikia, mwanangu. Breki hazijaisha."

Agu akaanza kubishana, na hoja yake ilikuwa ya dereva yeyote wa Njombe. Hapa kwetu, kwa baridi hii, gari unaliegesha mteremkoni. Asubuhi unaliachia lijiporomokee likiwa limezima, kisha unaachia klachi, linawaka. "Kila siku nashuka kilima hiki injini imezima, hamna cha pampu wala nini, na gari linashika breki. Leo kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni uzito ulio mbele," Fundi Mkuu akasema. "Na kwa ile injini ya zamani ulikuwa unashuka hatua chache tu mpaka iwake. Kutoka Lupembe unapanda na kuteremka kutwa, kwenye utelezi, na mama mjamzito nyuma."

Sista msimamizi wa zahanati alikuja mbio, mwavuli umegeuka juu chini. Naye akaomba, akilia. Mimi nilisimama pembeni, na nawaambia kweli, moyoni nilikuwa upande wa Agu. Fundi Mkuu alitia ufunguo mfukoni, akatoa simu, akampigia msimamizi wa malori ya majani ya chai. Lori moja lilikuwa karibu na kwa kina Tulizo. Watu wa lori wakamlaza Tulizo juu ya majani mabichi, wakamfunika turubai.

Lori lilikwama mara mbili. Tulizo alifika hospitali akiwa hai, na akapona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Baada ya mazishi Agu alirudi karakana. Hakusalimia. "Pampu imefika?" akauliza. Ilikuwa imefika lakini hatujaifunga. "Msiifunge. Nataka kuona."

Tulijua anachotaka: kuona kama gari lingesimama bila pampu. Fundi Mkuu akampa ufunguo. Nyuma ya misheni kuna malisho yenye mteremko mrefu unaoishia kwenye uzio wa seng'enge. Agu akalipandisha gari juu, akateremka nalo kwa kasi, katikati akakanyaga breki. Tuliona kichwa chake kikienda nyuma, mwili mzima ukisukuma pedali. Gari liliendelea. Nilifumba macho. Nilipofumbua, lilikuwa limesimama karibu kabisa na uzio, bampa inagusa nyasi za chini ya seng'enge.

Agu akashuka. "Limesimama," akasema. Halafu akapiga kelele: "Mzee, limesimama!"

Fundi Mkuu angeweza kumjibu mengi. Kwamba nyasi zilikuwa kavu, gari tupu, mteremko mmoja tu na si milima yote ile. Yote yalikuwa kweli, na sisi mafundi tuliyajua. Hakusema hata moja. "Limesimama, Agu," akajibu. Akaenda nyuma ya stoo, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mtu mzima yule akilia kwa sauti.

Pampu niliifunga mimi. Gari lile lilifanya kazi miaka mingi, likaleta akina mama wengi, na dereva wake alikuwa Agu mpaka mwisho. Fundi Mkuu alipostaafu nilichukua nafasi yake. Niliombwa funguo mara nyingi, na watu wenye haraka ya kweli, nami nilikataa kama yeye. Ningeombwa leo, ningekataa tena. Lakini nisiwadanganye, vijana: kukataa huko hakukunipa usingizi mzuri.

Fundi Mkuu alikwishatangulia mbele ya haki. Mimi niko Kitandililo, nalima mahindi. Agu naye alijenga huku, na kila Jumapili tunakutana nje ya kanisa. "Kamwene," ananisalimia, tunataniana kidogo kuhusu magoti yetu. Kisha anaushika mkono wangu, anaushusha uso.

"Wewe ndiye uliyeifunga ile injini," ananiambia. "Unaijua kuliko mtu yeyote. Siku ile, tungefika?"

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote. Naweza kukuambia injini ina ugonjwa gani kwa kuisikiliza tu ikipita barabarani.

"Sijui, Agu," namjibu.

Anatikisa kichwa, ananiachia mkono, anakwenda kumsubiri Tulizo mlangoni.