Daraja Linalotetemeka kwa Makusudi

Mama yangu alipotolewa mtoto wa jicho katika hospitali ya Nyankunde, macho yote mawili, mdogo wangu anayeishi Afrika Kusini alipiga simu akasema sasa mama anaona, hana tena sababu ya kungoja kutualika. Alikuwa ameondoka kwetu Bunia, Congo, miaka kumi na miwili nyuma, na muda wote huo mama alikuwa anamsikia kwenye simu tu. Alihangaikia viza, akatununulia tiketi, mimi na mama, na shule zilipofunga kwa Noeli tukapanda ndege.

Siku za kwanza nyumbani kwake zilikwenda vizuri. Mama alimtazama mwanawe mpaka yule mtu mzima akaona haya. Alimwambia amenenepa, ana mvi, anafanana na baba yake kuliko zamani. Halafu mdogo wangu akasema hatuwezi kurudi bila kuona mahali ambapo watu wanatoka Ulaya kuja kupaona. Alitueleza kwamba ni mji wa mahoteli na kazino, umejengwa kati ya vilima kwa mfano wa mji wa wafalme wa zamani uliopotea. Mama, ambaye ni mtu wa kanisa, aliuliza kazino ni nini. Mdogo wangu akamjibu kwamba ni nyumba ya michezo.

Tulifika asubuhi, jua limeshakuwa kali. Sitasema uongo, palinishangaza. Kulikuwa na minara yenye pembe za tembo za saruji, chui wa mawe wakubwa kuliko ng'ombe, na bahari ya kutengenezwa, yenye mawimbi na mchanga, ambamo watoto walikuwa wanaoga. Tulipopita kwenye ukumbi wa kazino sikuona dirisha wala saa ya ukutani. Mashine zilikuwa zinalia kila upande, na mbele ya kila mashine mtu amekaa kimya, hamtazami jirani yake. Mama alinishika mkono mpaka tulipotoka nje.

Huko nje alitembea polepole, akigusa kuta. Kwenye ukuta mmoja alisimama. Ulikuwa umepasuka katikati, nusu yake chini, nguzo zimelala na majani yameota juu yake.

"Nani alibomoa hapa?" akauliza.

"Hakuna mutu, mama," mdogo wangu akasema. "Balijenga vile vile, ikiwa imebomoka. Ni kwa kupendeza."

Mama aliuliza kama kweli kuna watu walilipwa kujenga nyumba iliyobomoka. Mdogo wangu akasema ndiyo, tena walikuwa wengi. Mama hakuondoka pale haraka. Mimi nilijua anatazama nini. Nyumba yake ya Djugu, alikokimbia vita, niliiona baada ya kuchomwa, kwenye picha iliyokuwa katika simu ya mtu. Mdogo wangu sikumtumia picha ile. Kila alipouliza nilimwambia mama amefika mzima, anakaa nami mtaa wa Mbunya, Bunia, tumshukuru Mungu.

Baada ya hapo mdogo wangu alituacha kwenye daraja la mawe, akaenda kujaribu mashine moja, dakika tano tu, tumngoje. Hakutuambia kwamba daraja lile hutetemeka kwa makusudi kila baada ya muda. Labda alitaka tushangae. Watu walikuwa wamejipanga juu yake na simu zao, nami nikadhani wanapiga picha. Mara ngurumo ikatoka chini ya miguu yetu. Mawe yakatikisika, moshi ukafuka kando ya nguzo, na watu wakapiga kelele huku wakicheka.

Nilishika ukingo. Nilipogeuka, mama hayuko.

Nilimwona mbele, upande wa pili wa daraja. Mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, ambaye magoti humsumbua hata kupanda ngazi za kanisa, alikuwa anakimbia ameinama, na mgongoni amefunga mtoto kwa kitenge. Mtoto mwenyewe sikumjua, alikuwa msichana wa miaka mitatu au minne, amevaa nguo ya kuogelea ya njano, nywele zinadondosha maji. Nikamwita mama. Hakugeuka.

Nilimkuta nyuma ya chui wa jiwe, amechuchumaa. Mtoto sasa alikuwa mapajani, na mama alikuwa amemziba mdomo kwa kiganja, bila nguvu, kama mtu asiyetaka mtoto alie wakati wa kujificha.

"Inama," akaniambia kwa sauti ya chini. "Batatuona."

Nikamwambia hakuna kitu, ni mchezo. Nilisema mara nne, mara tano, na kila nilipolisema neno hilo lilizidi kukosa maana kinywani mwangu. Nilijaribu kumtoa mtoto, hakumwachia, na niliogopa kumvunja vidole. Wakati huo mama wa mtoto alikuwa amefika, analia, na nyuma yake walinzi wawili. Wote walinisemesha Kiingereza. Mimi nafundisha darasa la sita kwa Kifaransa. Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Nikafungua mikono nikasema, "Mama. Congo. La guerre." Nikarudia neno hilo la vita. Mlinzi mmoja alikuwa anakitazama kile kiganja juu ya mdomo wa mtoto. Nilijua anafikiri nini, na sikuwa na neno la kumtoa huko. Mwisho nilikaa chini kando ya mama, nikamwekea mkono begani.

Ngurumo ikakoma. Mama akausogeza uso wa mtoto karibu na wake, akautazama. Aliona kwamba hamjui. Akafungua mikono.

Mdogo wangu alitukuta katika ofisi ya walinzi. Alieleza kwa muda mrefu, na mama alimwomba aombe msamaha kwa niaba yake, akisema mtoto hana kosa. Yule mwanamke alisikiliza, amemkumbatia mwanawe. Alisema hatashitaki, lakini alitaka tuondoke. Sikumlaumu.

Tukapanda gari. Njiani mdogo wangu akaniuliza mimi, mkubwa wake, "Yaya, mama alizania ni mutoto wa nani?"

Mama ndiye aliyejibu, kutoka kiti cha nyuma.

"Wa jirani. Siku tulikimbia nilimushika mukono. Kufika mu mutoni, nikamuachilia. Nilikuwa sioni muzuri, macho ilikuwa na ukungu. Nilimutafuta na mikono."

Mdogo wangu alisimamisha gari kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimekaa na mama nyumba moja miaka mitano, nikimpikia, nikisali naye, na neno hilo sikuwahi kulisikia. Mdogo wangu alitaka kuuliza zaidi. Mama akamwambia awashe gari, twende.

Tangu turudi Bunia, kila Alhamisi anakwenda kwenye kambi za waliokimbia vita, anatazama nyuso za wasichana. Mara nyingine namsindikiza. Nilimwambia kwamba yule mtoto wa jirani, kama yupo, sasa ni mkubwa, na sura yake itakuwa imebadilika. Akasema anajua. Kisha akaniomba nimshikie mwavuli, avuke mtaro.