Mirija Mikavu

Ulikuwa mwaka tisini na saba. Hapana, nasema uongo. Ni tisini na nane, maana bomu la ubalozi wa Marekani kule Dar es Salaam lilikuwa limelipuka mwezi huohuo, na Wanyarwanda wa Benaco walikwisha kurudi kwao, wamebaki Warundi kambini.

Ildefonce, mkulima wa migomba hapa Kasulo, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema, "Waliolipua ni wauaji. Ila mtu hazaliwi na bomu mkononi. Tuulize kilichowafikisha hapo." Basi. Kabla hajakaa, alishapewa jina: mtetezi wa magaidi.

Jumamosi yake akampokea Pancras, baba wa kijana aliyemposa binti yake, Nice. Kwetu mwenye nyumba huonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwanza, watu wajue haina sumu, ndipo wakwe watie mirija yao kwenye chungu kimoja. Wasipotia, hakuna ndoa. Ildefonce akaonja, akafuta midomo. Mirija ya wageni ikabaki mapajani, mikavu.

"Kwani rubisi haijaiva?" akajaribu mzaha.

"Imeiva," akasema Pancras. "Kilichochacha ni kinywa cha mwenyewe. Futa kauli, mkwe, tunywe."

Akifuta, amekubali kwamba kweli aliwatetea. Asipofuta, Nice atabeba aibu isiyo yake. Nyuma ya pazia mkewe, Domisiana, akanong'ona, "Baba Nice, sema tu yaishe."

Aliyesogea ni jirani, Bonaventura, ambaye mpwa wake alikatwa na vioo usoni siku ile Dar. "Mimi nakukatalia, Ildefonce, na kesho nitakukatalia tena. Lakini ukinyamaza, nitamkatalia nani?" Akatia mrija wake, akavuta. Pancras hakutikisika. Bonaventura hakuwa mkwe.

Ndani kikombe kikaanguka. Nice alikuwa anasikiliza.

"Nimefuta," akasema Ildefonce.

Mirija ikaingia kwa pamoja, vigelegele vikapigwa. Ildefonce naye akavuta, asisikie utamu wowote. Kisha akainua kichwa, akauliza taratibu:

"Mkwe, mwaka ule wakimbizi walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, tuliwapa maji, tukawauliza ni nini kimewafanya majirani wauane. Siku ile tulikuwa tunamtetea nani?"